Jini Walimkubali, Pampu Wakaikataa

Mchezo wenyewe niliuleta nyumbani mimi, kutoka Dar es Salaam, nilikokuwa nasomea ukutubi. Msichana niliyekaa naye chumba kimoja alikuwa na wenzake waliokutana kila Jumamosi. Wanakaa chini kwenye mkeka, mmoja anasimulia, na wengine wanaishi ndani ya hadithi yake. Msimulizi anasema: mmefika kwenye mlango wa pango, ndani mnafuka moshi, mnafanya nini? Basi kila mmoja anajibu kwa niaba ya mtu aliyemtunga mwenyewe, huyu shujaa, huyu mganga, huyu mwizi, na pakitokea jambo la bahati linatupwa dadu lenye nyuso ishirini kuamua kama limefaulu au limeharibika. Hakuna anayeshinda. Hadithi inasonga wiki baada ya wiki mpaka wale watu wa kutunga wanakuwa kama jamaa zako.

Niliporudi Unguja na kupata kazi kwenye maktaba ya skuli moja ya mjini, niliona sitaweza kukaa bila ya mchezo ule. Watu niliowapata walikuwa watatu. Wa kwanza mdogo wangu wa kike, ambaye ni muuguzi. Wa pili mumewe, shemeji yangu, mtu wa Makunduchi, fundi wa pampu za maji. Leo yuko kisimani kijijini, kesho yuko hotelini Nungwi, na mikono yake hainuki kitu ila grisi. Wa tatu jirani yetu mmoja mzee, aliyekuwa karani wa forodha bandarini miaka thelathini mpaka alipostaafu. Mdogo wangu alichagua kuwa mganga. Shemeji alichagua kuwa mhunzi anayejua kupigana. Yule mzee, ambaye maisha yake yote hakupata kupitisha hata gunia moja la sukari bila ya karatasi, alichagua kuwa mfanya magendo, na alichagua haraka sana, kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa.

Tulikutana kwa shangazi yetu kila Jumapili baada ya sala ya alasiri. Shangazi anakaa kwenye nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, ya ghorofa tatu juu ya ile ya chini, dari zake ndefu, na katikati ina ua ulio wazi mpaka juu. Alituruhusu tukae ukumbi wa chini kwa sharti moja: dadu haliingii nyumbani mwake. Dadu ni la kamari, alisema, na liwe na nyuso sita au ishirini kwake ni mamoja. Basi nikachukua komwe ishirini za bao, nikaziandika namba kwa wino, mdogo wangu akashona kifuko cha kitambaa, na badala ya kutupa dadu tukawa tunatia mkono na kutoa komwe moja. Shangazi akaridhika. Alikuwa akikaa pembeni na sinia la mchele mapajani, anachambua, nasi tukidhani hasikilizi.

Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda vizuri. Niliwapitisha kwenye bonde ambako mawe yanaota meno. Niliwakutanisha na jini anayenunua vivuli vya watu, na shemeji akamuuzia chake baada ya kubishana bei kwa nusu saa. Kulikuwa na ndege aliyebeba kisiwa mgongoni. Hakuna aliyeuliza ndege huyo anakula nini wala anatua wapi.

Halafu tukafika Mji wa Jabali.

Mji huo niliuandaa wiki mbili nzima. Nilikuwa na daftari limejaa: mitaa, masoko, majina ya misikiti, mchoro wa ngome. Ni mji uliojengwa juu ya jabali refu kama minazi miwili iliyosimamishwa mmoja juu ya mwengine, na juu hakuna kisima wala mvua haidumu. Chemchemi iko chini, kwenye mguu wa jabali. Lakini mfalme ana pampu kubwa ya shaba ndani ya kasri yake, inazungushwa na ng'ombe wawili, na bomba lake moja linashuka moja kwa moja mpaka kwenye chemchemi na kuvuta maji mpaka juu. Anayeshika pampu ndiye anayeshika mji. Hadithi yangu yote ilijengwa juu ya pampu hiyo.

Nilikuwa naieleza kwa madaha, nikiiga kwa mkono jinsi ng'ombe wanavyozunguka, nikamwona shemeji anaweka kikombe chake chini.

"Pampu iko juu?" akauliza.

"Iko juu."

"Na maji yako chini, minazi miwili."

"Ndiyo."

"Basi haivuti," akasema. "Hayapandi hayo."

Nilidhani anatania. Nikamwambia ng'ombe wa Jabali si kama wa kwetu, wana nguvu za ajabu. Akasema hata mfalme awafunge tembo. Akaanza kutueleza, kwa upole, kama anavyowaeleza watu wa vijijini wanaotaka kununua pampu isiyowafaa. Pampu haiyavuti maji. Kazi yake ni kuondoa hewa ndani ya bomba tu, halafu hewa ya nje, hii inayotulemea sote bila ya kuihisi, ndiyo inayoyasukuma maji yapande. Na nguvu za hewa zinaishia mita kumi. Ukipita hapo, zungusha mpaka kesho, maji yanakaa pale pale. Kama nataka maji yafike juu niiweke pampu chini, isukume.

Lakini nikiiweka chini mfalme angekuwa anakaa chini, na hadithi yangu imekwisha. Nikaudhika. Nikamkumbusha kwamba wiki tatu nyuma alimuuzia jini kivuli chake na akalalamikia bei tu.

"Jini sijapata kumfungua nikaona ndani mna nini," akasema. "Pampu nafungua kila siku. Ukinambia inavuta minazi miwili, mimi natoka hadithini. Nakuwa nimekaa hapa ukumbini na kikombe cha chai."

Yule mzee akaja upande wangu. Akasema hadithi ni hadithi, na mtu akianza kupima kila kitu atabaki na nini. Nikamshukuru. Lakini hapo mdogo wangu akasema kwamba kwa kweli na yeye alikuwa na lake. Kuna mtu hadithini nilimpiga mkuki wa tumbo, kisha nikampa maji anywe, na asubuhi yake akapanda mlima. Alisema alikaa siku mbili akimfikiria mtu yule, kazini, wodini, kwamba angekuwa maiti.

Sote tukamtazama. Mzee akakohoa. Kisha akakiri, kama anayetoa siri ya ndoa, kwamba na yeye lipo linalomkera. Mfanya magendo wake amepita milango ya miji minne na hakuna hata askari mmoja aliyemuuliza karatasi. Sasa magendo yenyewe yana maana gani, akasema, pasipo na anayekagua?

Sikujua nicheke au nilie. Nilikuwa nimefunga daftari. Nikamwambia shemeji kwamba kwanza mimi siamini hayo ya mita kumi. Nimeona majengo marefu kuliko hayo yana maji juu. Akanijibu kwamba hayo yote yanasukumwa kutoka chini, lakini hataki niamini mdomo wake. Jumapili inayofuata ataleta mpira wa maji, na nyumba ya shangazi itatosha kwa urefu. Shangazi, bila ya kuinua macho kwenye mchele, akauliza kama itamwagika. Shemeji akasema haitamwagika hata tone.

Jumapili ile alikuja na mpira wa mita kumi na tano, mweupe wa kuonekana ndani, mnene, wenye nyuzi ubavuni ili usinywee. Alikuwa ametokea kwenye akdi ya ndoa ya rafiki yake, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi vizuri na kofia mpya, na akasema hana haja ya kubadilisha, kazi yenyewe ni ndogo. Shangazi akatoa pipa lake la kufulia. Ili tuone maji vizuri ndani ya mpira, akatoa na rangi nyekundu anayotilia ukili wa mikeka, akakoroga mpaka pipa likawa kama limejaa juisi ya zabibu.

Mpango ulikuwa hivi. Tuuzamishe mpira wote ndani ya pipa ujae maji, usibaki na hewa. Ncha moja tuizibe kwa kizibo na kuifunga kwa waya, nyingine ibaki wazi ndani ya pipa. Halafu mimi na mdogo wangu tupande kwenye sakafu ya juu ya nyumba, tushushe kamba, tuvute ile ncha iliyozibwa mpaka juu kabisa. Ikiwa maji hayana mpaka, mpira utabaki umejaa. Ikiwa shemeji anasema kweli, yatasimama mahala.

Habari za mambo kama haya hazikai ndani Mji Mkongwe. Tulipofika juu nilichungulia uani nikaona jirani wa upande wa pili amefungua dirisha na wanawe wamejipanga, na mke wa yule mzee ameletwa na kiti chake. Shangazi naye amepanda taratibu mpaka ghorofa ya pili na kukaa kwenye dirisha linalotazama uani. Alisema hataki kuinua shingo.

Tukavuta. Mpira ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, unapanda kama nyoka mwekundu aliyeshiba. Ulipofika kiasi cha ghorofa ya kwanza nikasikia mlio mdogo kama wa kufungua chupa. Kizibo kimeng'olewa na kamba. Maji yote yakarudi chini kwa mara moja, ncha ya chini ikachomoka pipani, na hapo alikuwa amesimama shemeji, uso ameuelekeza juu, anatoa maelekezo.

Nilipochungulia alikuwa bado amenyoosha kidole. Kanzu ilikuwa nyekundu kuanzia mabegani. Kofia ilikuwa nyekundu. Mdogo wangu, mke wake wa halali, akakaa chini sakafuni kwa kicheko akashindwa kunyanyuka, na madirisha yote yakafuatia. Shemeji akajifuta macho, akaiangalia kanzu, akasema kwa sauti ile ile ya kueleza: "Waya ulikuwa mmoja. Tutatia mitatu." Akaanza kuujaza mpira upya. Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba nitashindwa. Mtu mwenye shaka angekwenda kubadilisha nguo kwanza.

Mara ya pili tukavuta kwa makini. Ghorofa ya kwanza ikapita. Ghorofa ya pili. Mpira ulikuwa umejaa wote, mwekundu mpaka kwenye kizibo, na mimi nikaanza kufurahi, nikihesabu mapande ya kamba. Kisha nikaona kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka naona raha. Ncha ya mpira iliendelea kupanda kuja kwangu, lakini wekundu haukuja nayo. Mpira ukawa mweupe juu. Kila tulivyovuta, sehemu nyeupe ikarefuka, na maji hayakusogea hata upana wa kidole.

"Vuteni," shangazi akasema kutoka dirishani kwake.

"Tunavuta," nikamjibu.

"Hayaji. Yamesimama hapa mbele yangu."

Tukaifunga kamba kwenye nguzo tukashuka mbio. Maji yalikuwa yamesimama sawasawa na dirisha la shangazi, usoni pake, kama yaliyofika ugenini na kungoja kukaribishwa. Na hayakuwa yametulia. Pale juu kwenye mstari yalikuwa yanatoa mapovu madogo madogo, yanachemka, na hakuna moto wala joto. Nikaushika mpira, ulikuwa baridi. Shemeji akaja na kanzu yake nyekundu inachuruzika ngazi nzima, akapima kutoka kwenye pipa kwa futi ya utepe, akapata mita tisa na nusu na kidogo. Ile nusu iliyopungua, akasema, ni kwa sababu ya hewa iliyokuwemo ndani ya maji yenyewe, ndiyo hiyo inayotoka. Juu ya hapo, ndani ya mpira, kumebaki takriban utupu mtupu.

Shangazi akauliza: "Na kinachoyashikilia hapa yasirudi chini ni hii hewa ninayovuta mimi?"

"Ndiyo hiyo, shangazi."

Akaugusa mpira kwa kidole, akasema Subhanallah, taratibu.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimetunga ndege wa kubeba kisiwa na mawe ya kuota meno, na katika yote hayo sikupata kutunga kitu cha ajabu kama maji mekundu yaliyosimama hewani mbele ya dirisha la shangazi yangu, yanachemka yakiwa baridi, yanakataa. Sikuona haya ya kushindwa. Niliona kama nimepewa kitu. Nilimwambia shemeji kwamba amenishinda, na akajibu kwamba aliyenishinda si yeye, kisha akaomba sabuni.

Wiki ile nilikaa na daftari. Ningeweza kuipeleka pampu chini na kusema nimekosea. Lakini nikajiuliza: kama pampu ya mfalme haivuti, na watu wa Jabali wanakunywa maji kila siku, basi yanatoka wapi?

Nilipowasimulia tena, niliwaambia wamelala mjini na asubuhi wamekwenda kuitazama pampu, na ng'ombe wanazunguka, na maji yanatoka. Shemeji akatabasamu akangoja. Akasema mhunzi wake anaweka sikio kwenye bomba. Akatoa komwe, ikawa ya kumi na saba. Nikamwambia: ndani ya bomba kukavu. Na mbali sana, ndani ya jabali, unasikia nyayo.

Walichukua saa nzima kuupata mlango. Ndani ya jabali kulikuwa na ngazi iliyochongwa, na juu ya ngazi ile, usiku na mchana, watu mia moja walipanda na ndoo vichwani, watu ambao mji uliambiwa walikufa zamani. Pampu ilikuwa uongo wa mfalme. Mdogo wangu aliponisikia nikieleza shingo za wale watu, akauliza wangapi wana vidonda, na safari hii nikamwambia ukweli wa vidonda, kwamba kila kimoja kitachukua siku zake. Akawauguza mmoja mmoja. Hakulalamika; alikuwa na furaha ya mtu aliyeaminiwa.

Mzee naye nilimpa lake. Walihitaji ngozi za ng'ombe kutoka nje ya mji, za kutengenezea pampu mpya, basi langoni nikamweka karani. Karani akataka orodha ya mizigo, nakala tatu. Akataka muhuri. Akasema muhuri si huu. Mzee alisimama kwenye foleni ile ya kutunga Jumapili nzima, akibembeleza, akibishana, akificha ngozi moja chini ya joho, na sikupata kumwona amechangamka vile. Mkewe alituambia baadaye kwamba alirudi nyumbani akiimba.

Wiki hiyo hiyo shangazi aliweka sinia lake chini na kusema kuna jambo. Akasema yule jini wangu wa vivuli hana adabu. Anaingia nyumba za watu bila ya kupiga hodi, anazungumza na mtu aliyekwishatia udhu, na amekula chumvi, jambo ambalo tangu yeye mtoto hajapata kulisikia kwa jini yeyote. Alikuwa amevumilia akidhani pengine ni jini wa nchi nyingine, lakini sasa amechoka.

"Kwa nini hukusema, shangazi?"

"Hamkuniuliza," akasema. "Mliuliza fundi."

Nikampa jini. Sikuwa na la kufanya. Tangu siku ile jini wa vivuli ni wake, anamsemea yeye, na amekuwa kiumbe mwenye heshima na masharti mengi ambaye sote tunamwogopa kidogo. Jambo la kwanza alilofanya ni kumrudishia shemeji kivuli chake, kwa sababu biashara ile, alisema, haikuwa na mashahidi.

Kilichobaki ni maji. Shemeji alichora juu ya upande wa ndani wa boksi la biskuti: si pampu moja, pampu tano, moja juu ya nyingine, kila moja na birika lake lililochongwa kwenye jabali, kila moja ikipandisha mita nane tu na kumkabidhi mwenzake. Hakuna uchawi ndani yake hata chembe. Watu wa ngazi, waliozijua kona zote za jabali, ndio waliochonga mabirika. Nikasema kila pampu itatolewa komwe yake, na chini ya saba imeharibika.

Ya kwanza ikafaulu. Ya pili, ya tatu, ya nne. Majirani walikuwa wameshakuja kukaa nasi wakati huo, ukumbi umejaa, na kila komwe ilipotoka mtu aliisoma kwa sauti. Ya tano ikatoka mbili. Ukumbi wote ukalegea. Nikatangaza kwamba kikombe cha ngozi ndani ya pampu kimepasuka, na ngozi zimekwisha. Hapo mzee akanyanyua mkono kwa adabu, kama mwanafunzi, akasema anayo moja. Ile aliyoificha chini ya joho.

Shemeji akaikata ile ngozi kwa maneno, akaieleza inavyoloweshwa mafuta na kukazwa, akatia mkono kifukoni akatoa komwe. Kumi na tisa.

Basi nikawasimulia. Birika la tano likajaa mpaka ukingoni, maji yakafurika na kuanza kushuka kwenye mitaa ya Jabali, na watu wakatoka majumbani na sufuria na watoto, na wale mia moja wakakaa chini kwenye ngazi zao, kwa mara ya kwanza wakiwa hawana kitu vichwani. Nilikuwa nasema polepole kwa sababu nilimwona shemeji anafumba macho.

Shangazi akasema jini wake anataka kuonja kwanza, kabla ya mfalme.

Nikamwambia anaweza.

"Maji ya chumvi au maji baridi?"

Katika daftari lote sikuwa nimeandika hilo. Kila mtu alikuwa akinitazama, na nje muadhini alikuwa anajaribu kipaza sauti.

"Baridi, shangazi," nikasema. "Na matamu."